Maji Bila Daftari: Uhakiki wa Takwimu za Maji Shinyanga na Geita

Historia ya Usukuma inatufundisha kwamba mizani si chombo cha ufundi tu. Mizani ni siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walijiunga katika vyama vyao kwa sababu walitambua kwamba walikuwa wakipunjwa penye mizani ya wanunuzi. Hawakungoja mtu wa kuwaonea huruma. Waliweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa mwaka 1955. Mkulima wa siku hizo hakuwa na uwezo juu ya bei ya pamba katika soko la dunia. Lakini uzito wa mzigo wake aliujua, na aliyeujua uzito wa mzigo wake hakudanganyika kwa urahisi.

Somo hilo lilirudi katika eneo lilelile kwa njia ya dhahabu. Mwaka 2017 Serikali ilizuia katika bandari ya Dar es Salaam makontena 277 ya makinikia kutoka migodi ya Kahama, ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ili kupima kilichokuwamo. Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, na tangu hapo mchimbaji mdogo hupeleka dhahabu yake mahali ambapo hupimwa mbele ya macho yake na mrabaha kukatwa kwa kumbukumbu. Tukubaliane au tusikubaliane juu ya yote yaliyofuata, jambo moja lilithibitika: taifa lisilopima mali yake halina la kusema mezani.

Sasa yatupasa kuuliza: maji je? Katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita pamba hupimwa kwa kilo na dhahabu hupimwa kwa gramu. Maji, ambayo bila hayo hakuna pamba wala dhahabu wala uhai wenyewe, hupimwa kwa nini? Katika makala hii tunakusudia kuhakiki jinsi tunavyotoa hesabu za maji katika vikao na katika taarifa zetu. Hoja yetu ni kwamba tumekuwa tukihesabu mabomba, visima na asilimia za watu, na hatujahesabu maji yenyewe. Na kwamba katika nchi kavu, maji yasiyohesabiwa hugawanywa na mwenye pampu kubwa.

1. Tunahesabu nini hivi sasa?

Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake, katika umbali usiozidi mita 400. Mikoa iligawanywa kwa wafadhili. Shinyanga iliangukia kwa Uholanzi, ambayo kuanzia mwaka 1974 ilisaidia kuchimba visima vifupi vyenye pampu za mkono. Lengo lilikuwa jema na la kimapinduzi, maana lilimweka mkulima mbele. Hata hivyo mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya wananchi wa vijijini ndio waliokuwa wakipata maji hayo.

Sababu za kushindwa ni nyingi, kuanzia bei ya mafuta hadi vipuri. Lakini tatizo moja la fikra halijaondoka hadi leo. Kipimo cha mafanikio kilikuwa ni idadi ya visima vilivyochimbwa. Kisima kikishazinduliwa kiliingia katika taarifa, na kikishaingia katika taarifa hakikutoka tena, hata kama pampu yake ilikufa kiangazi kilichofuata. Upimaji wa vituo vya maji vijijini uliofanywa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba karibu vituo 4 katika kila 10 vilikuwa havifanyi kazi. Kwa maneno mengine, vilikuwa vikitoa maji kwenye karatasi tu.

Kipimo tunachokitumia sasa ni kile kile kilichovaa nguo nyingine. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma ya vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka katika kituo kinachohudumia watu 250, katika umbali wa mita 400. Ilani ya Uchaguzi ya mwaka 2020 ikaweka shabaha ya asilimia 85 vijijini na asilimia 95 mijini ifikapo mwaka 2025. Asilimia hizo hupatikanaje? Kwa kawaida huhesabiwa vituo, vikazidishwa kwa watu 250, na jumla ikagawanywa kwa idadi ya wakazi.

Tuichambue hesabu hiyo. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku. Hilo ndilo deni la kila kituo kwa wananchi wake. Je, ni katika kikao gani cha kata tuliwahi kusikia taarifa ikisema kwamba kituo fulani kilitoa lita 6,250 mwezi Septemba, na kingine kilitoa 900? Tunapokea taarifa kwamba kituo kipo. Tunapiga makofi. Mama anayeamka saa 9 usiku kwenda kuchimba mchanga wa mtoni apate maji ya tope anahesabiwa miongoni mwa waliopata huduma, kwa kuwa anaishi mita 300 kutoka penye bomba ambalo halijatoa tone kwa wiki tatu.

Hapa hapana budi tujikosoe. Wahandisi hawakubuni tabia hii peke yao. Sisi makada ndio tuliopenda takwimu inayopanda kila mwaka na kusomeka vizuri jukwaani. Takwimu ya namna hiyo haimsaidii mwananchi, wala haimsaidii kiongozi, kwa sababu inamficha mgonjwa mpaka afe.

2. Hesabu za maji ni nini?

Wataalamu wameanza zamani kulishughulikia jambo hili. Mwaka 1997 David Molden, aliyekuwa katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji yenye makao yake Sri Lanka, alitoa andiko lililoonyesha namna ya kuandika mapato na matumizi ya maji ya bonde zima la mto, kama mhasibu anavyoandika fedha. Baadaye Umoja wa Mataifa ukachapisha mwongozo wake, na nchi kavu kama Australia zikaweka hesabu hizo kuwa wajibu wa kisheria. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita hesabu za maji.

Msingi wake hauhitaji shahada. Kwanza huandikwa mapato: mvua iliyonyesha, maji yaliyoingia kwa mto au kwa bomba, na akiba iliyokuwamo ardhini na mabwawani. Kisha huandikwa maji yaliyochukuliwa na kila mtumiaji. Mwisho, na hapa ndipo penye kiini cha mambo, maji yaliyochukuliwa hutenganishwa katika mafungu mawili: yanayorudi na yanayotoweka.

Mama akiosha vyombo na kumwaga maji bustanini, sehemu ya maji hayo huzama ardhini na yaweza kurudi kisimani. Hayo yamechukuliwa lakini hayajatoweka yote. Maji yanayopanda hewani kutoka katika bwawa, au kunyonywa na mmea na kutolewa na majani yake, hayo yametoweka katika bonde. Hakuna wa jirani atakayeyatumia tena mwaka huo. Kadhalika maji yaliyochafuliwa kwa zebaki au sayanaidi, hata kama yanaonekana kwa macho, kwa mtumiaji wa chini ni kama yametoweka.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mtu anaweza kujisifu kwamba amepunguza maji anayochukua huku akiongeza yanayotoweka. Mwingine aweza kulaumiwa kwa kuchukua mengi wakati karibu yote huyarudisha. Bila kutenganisha mafungu hayo mawili, kila mgogoro wa maji huwa ni ubishi wa sauti, na penye ubishi wa sauti mnyonge hashindi.

3. Mvua na bomba

Tuanze na mapato. Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya sasa, una ukubwa wa kilometa za mraba 18,901. Mvua yake hubadilika sana mwaka hadi mwaka, lakini tukichukua milimita 700 kuwa wastani, maji yanayoanguka juu ya ardhi ya mkoa huo ni takriban mita za ujazo bilioni 13 kwa mwaka. Bomba kuu la Ziwa Viktoria, linaloanzia Ihelele wilayani Misungwi na kuendeshwa na KASHWASA, lilijengwa likiwa na uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Likifanya kazi mwaka mzima bila kusimama hata siku moja, hutoa takriban mita za ujazo milioni 29. Maana yake ni kwamba mvua ya Shinyanga ni zaidi ya mara 400 ya bomba.

Hatusemi hivi ili kulidharau bomba. Bomba ni la lazima kwa miji, kwa hospitali, kwa shule. Tunasema hivi kwa sababu karibu mijadala yetu yote ya maji huhusu ile sehemu ndogo, na ile kubwa hatuiandiki popote. Mvua hiyo huenda wapi? Sehemu kubwa hutoweka kupitia nyasi, mazao na udongo ulio wazi. Sehemu nyingine hukimbia kwa mafuriko ya siku mbili tatu katika mito ya msimu, ikibeba udongo. Sehemu ndogo huzama. Kila kijiji kina namna yake ya kuishika: majaruba ya mpunga, malambo ya mifugo, ngitili.

Chukueni mfano wa lambo. Katika jua la Shinyanga maji yaliyo wazi yanaweza kupungua kwa kadiri ya mita moja katika miezi sita ya kiangazi kwa kukaushwa na jua na upepo tu. Lambo lenye eneo la hekta moja hupoteza hivyo mita za ujazo 10,000, yaani lita milioni 10. Ng'ombe mmoja akikadiriwa lita 25 kwa siku, anahitaji lita 4,500 kwa siku 180. Basi jua linakunywa katika kila hekta ya lambo maji ya ng'ombe 2,200. Lambo pana na fupi ni la kulinywesha jua. Lambo jembamba na la kina ni la kuinywesha mifugo. Hesabu hii ingefanywa kabla ya kuchimba, malambo mengi yangechimbwa kwa umbo jingine. Lakini katika taarifa zetu lambo ni lambo: moja, mawili, matatu.

Mfano wa pili ni ngitili. Baada ya Mwalimu Nyerere kuiona hali mbaya ya ardhi ya Shinyanga katikati ya miaka ya 1980, ulianzishwa mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi huo haukuleta ujuzi kutoka ng'ambo. Ulifufua desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Kutoka hekta 600 hivi zilizojulikana mwaka 1986, ngitili zilienea hadi zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haya ni mafanikio ambayo dunia iliyatambua. Hata hivyo yaliandikwa kwa hekta na kwa thamani ya kuni, asali na malisho. Upande wa maji hayakuandikwa kwa ukamilifu. Miti hupunguza kasi ya mafuriko na kusaidia maji kuzama. Wakati huohuo miti nayo hunywa. Ni ngitili ya aina gani, mahali gani, inayoongeza maji ya kisima cha bondeni, na ipi inayoyapunguza? Kijiji kinastahili kujua kabla ya kupanda aina mpya ya mti, na jibu haliwezi kutoka katika kaulimbiu. Lazima litoke katika kina cha kisima kilichopimwa mwaka baada ya mwaka.

4. Bomba la Ziwa: ushindi usiokamilika

Tukija kwenye bomba lenyewe, tukumbuke kwanza kwamba ni tunda la msimamo wa kisiasa. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba hapatafanywa kazi ya kupunguza maji ya Mto Naili bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo. Mwaka 2004, pamoja na malalamiko ya Misri, Tanzania ikaendelea na mradi wa kuleta maji ya ziwa Kahama na Shinyanga kwa fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni 250, na mwaka 2009 ukazinduliwa. Baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Naili, ambao Tanzania ilitia saini mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024.

Katika mabishano hayo hesabu ni silaha yetu. Mita za ujazo 80,000 kwa siku ni chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde. Maji yanayotoka ziwani penye Jinja ni kama mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo bomba linachukua chini ya sehemu moja katika elfu. Lakini tusijidanganye pia: sehemu ya maji haya huvuka mgongo wa ardhi. Mkoa wa Shinyanga umekaa juu ya mabonde matatu. Mto Isanga unateremka kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Manonga unakwenda mashariki katika mbuga ya Wembere na Ziwa Kitangiri, katika bonde lisilo na njia ya kwenda baharini. Na sehemu ya kusini-magharibi ya Kahama humwaga upande wa Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa yanayotumika mjini Shinyanga hayarudi yote ziwani. Ni haki yetu kuyatumia; ni wajibu wetu kuyaandika, ili atakayeuliza ajibiwe kwa tarakimu.

Sasa tuligeuze swali hilohilo lituelekee sisi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Shinyanga watu zaidi ya milioni 2.2. Kwa lita 25 kila mmoja wanahitaji mita za ujazo 56,000 kwa siku. Kwa karatasi, uwezo wa awali wa bomba moja ulitosha kumpa kila mkazi wa mkoa kiwango cha chini cha sera, na kubakiza. Tunajua kwamba haikuwa hivyo. Basi maji yaliishia wapi? Sehemu yalikwenda kwa wakazi wa mijini wenye bomba ndani ya nyumba, ambao hutumia zaidi ya lita 25. Sehemu yalikwenda viwandani. Sehemu hayakusukumwa kabisa, kwa sababu umeme wa kuyapandisha kutoka ziwani ni gharama kubwa na vijiji vingi havikuwa na mabomba ya kuyapokea. Na sehemu yalivuja: taarifa za EWURA za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba, kwa nchi nzima, takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hayaingizi mapato. Kila moja ya sehemu hizi ina tarakimu yake mahali fulani. Hazijawahi kuwekwa katika ukurasa mmoja ambao mjumbe wa serikali ya kijiji anaweza kuusoma.

5. Migodi: nani anashika mita?

Katika ukanda wa dhahabu tatizo linakuwa kali zaidi, kwa kuwa hapa watumiaji hawalingani nguvu. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, unavuta maji kutoka Ghuba ya Nungwe. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001, unavuta maji ya ziwa hilohilo kutoka Smith Sound kwa bomba refu. Mji wa Geita uliishi miaka mingi na foleni za madumu, huku bomba la ziwa likipeleka maji mgodini.

Hapo huzuka maneno mawili. Wananchi husema: mgodi unatumalizia maji. Wenye migodi hujibu: maji yetu ni ya ziwani, na mtamboni tunayazungusha tena na tena. Maneno yote mawili yanaweza kuwa na ukweli ndani yake, na yote mawili hayatoshi. Maswali ya hesabu ni haya. Ni maji kiasi gani yalichukuliwa ziwani? Ni kiasi gani yalisukumwa kutoka ndani ya shimo ili wachimbaji wafanye kazi pakavu, na maji ya visima vya jirani yalishuka kwa kiasi gani tangu kazi hiyo ianze? Ni kiasi gani yalipanda hewani katika bwawa la mabaki, na kiasi gani yamefungwa ndani ya tope lake? Mgodi ukifungwa, na shimo likaanza kujaa, maji hayo yatakuwa ya nani na ya ubora gani? Kahama inalifahamu swali hili, maana mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na kufikia ukomo mwaka 2021.

Kuna akiba nyingine ambayo hatuiandiki mpaka itutembelee nyumbani. Tarehe 7 Novemba 2022, huko Mwadui wilayani Kishapu, ukingo wa bwawa la mabaki la mgodi wa almasi ulibomoka, na maji na tope vikafunika nyumba na mashamba ya wanakijiji. Bwawa la mabaki ni akaunti ya maji kama lambo lilivyo. Tofauti ni kwamba lambo kila mtu huliona likijaa na kupungua, na kijiji hulijadili. Bwawa la mgodi hujulikana kimo chake kwa wenye mgodi na kwa mkaguzi peke yao.

Tusimsahau wala kumwonea mchimbaji mdogo. Penye karasha na mialo, kila mfuko wa mawe uliosagwa huoshwa kwa maji, na marudio yake huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjulia kwa sayanaidi. Mwalo mmoja ni kitu kidogo, lakini mialo ni mingi, na mara nyingi iko kando ya mto wa msimu au kisima ambacho pia hunywesha watu na ng'ombe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kuchukua maji na kibali kwa kumwaga maji machafu. Mgodi mkubwa una ofisa wa kuandika maombi hayo. Mwosha mawe hana. Matokeo yake ni kwamba mkubwa anaonekana daftarini kwa tarakimu alizozipima yeye mwenyewe, na mdogo haonekani kabisa mpaka siku ya kufukuzwa. Vyote viwili ni upungufu wa hesabu.

6. Hatari ya hesabu yenyewe

Ingekuwa kosa kuzishangilia hesabu za maji kana kwamba ni dawa isiyo na madhara. Usukuma una sababu ya kihistoria ya kuogopa kuhesabiwa. Chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, wakoloni walichimba mabwawa na wakahesabu ng'ombe; na walipokwisha kuhesabu, wakalazimisha wapunguzwe. Chuki iliyotokana na amri za namna hiyo ni sehemu ya yale yaliyolipuka Geita mwaka 1958, wananchi walipokataa mabaraza waliyobandikwa na kuandamana hadi Mwanza. Hesabu iliyofanywa juu ya watu bila watu huwa ni maandalizi ya kuwanyang'anya.

Leo hatari hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni hesabu kubaki mali ya wataalamu. Setilaiti huweza kukadiria maji yanayotoweka katika kila shamba, na kazi hiyo ni ya manufaa makubwa kwa mkoa wenye vipimo vichache vya mvua. Lakini ramani iliyo katika kompyuta ya mshauri, kwa lugha asiyoijua mkulima, haimpi mkulima uwezo wowote. Inampa uwezo mshauri. Ya pili ni kuigeuza hesabu kuwa ankara. Wapo watakaosema: maji yakishapimwa, yauzwe kwa anayeweza kulipa zaidi. Kwa mantiki hiyo dhahabu itamshinda ng'ombe, na ng'ombe atamshinda mtoto. Sheria yetu haisemi hivyo. Inaweka matumizi ya nyumbani mbele. Kazi ya hesabu ni kuonyesha kama utangulizi huo unatekelezwa, si kuuondoa.

Wapo pia wanaosema kwamba maji ni haki, na kwa hiyo kuyapima ni kuyanyima. Hilo nalo si sahihi. Haki isiyopimwa haiwezi kudaiwa. Kijiji kinachosema "hatuna maji" hupewa pole. Kijiji kinachosema "mwezi Septemba tulipata lita 9 kwa mtu, na sera inasema 25" kimeweka dai mezani.

7. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tubadili taarifa zetu. Kila kituo cha maji kiandikwe kwa lita kilizotoa kila mwezi, na hasa miezi ya kiangazi, badala ya kuandikwa kwamba kipo. Chombo cha watumia maji cha kijiji kinaweza kufanya kazi hiyo kwa mita ndogo, daftari la shule na kalamu.

Pili, kila kijiji kiwe na kipimo cha mvua na kamba ya kupimia kina cha kisima. Shule zetu za sekondari zina wanafunzi wa jiografia na hisabati. Hapana kazi ya kujitegemea yenye elimu kubwa zaidi kuliko hiyo. Baada ya miaka mitano wanafunzi hao watakuwa na kitabu ambacho hakuna mshauri wa ng'ambo anayeweza kukileta.

Tatu, kwa kuwa mkoa umegawanywa na mabonde matatu yenye bodi tatu, bodi hizo, RUWASA, mamlaka za mijini na KASHWASA zitoe kila mwaka ukurasa mmoja wa pamoja wa mkoa kwa Kiswahili: kilichoingia, kilichochukuliwa, kilichorudi, kilichotoweka. Ukurasa huo ubandikwe penye ofisi ya kata, kama mapato na matumizi ya kijiji yanavyopasa kubandikwa.

Nne, tarakimu za maji za migodi zihakikiwe na Bodi ya Bonde kwa mita ambayo mgodi hauishiki peke yake, na vimo vya mabwawa ya mabaki vitangazwe kwa vijiji vilivyo chini yake. Mchimbaji mdogo asaidiwe kupata kibali na mahali pa kuoshea mbali na maji ya kunywa, kabla ya kuadhibiwa kwa kukosa vitu hivyo.

Hakuna katika haya linalozidi uwezo wetu. Wakulima wa pamba wa miaka ya 1950 hawakuwa na kompyuta wala fedha za wafadhili. Walikuwa na mtu wao mmoja aliyesimama kando ya mizani, akasoma, akaandika. Penye bomba la Ihelele, penye lambo la kijiji na penye mwalo wa Geita, mtu huyo bado hajasimama. Mali bila daftari huisha bila habari. Na maji yakiisha, habari huletwa na ng'ombe waliolala mtoni wasiinuke.